Kufunga bigudi nyumbani mpaka mikunjo ishike: mwongozo kamili

Kila Jumatatu ni lile lile. Binti wa jirani anapita mlangoni kwangu, hapa Kadutu mjini Bukavu, fulari imeshuka mpaka kwenye nyusi, nami najua habari kabla hajafungua mdomo.

"Yaya (dada mkubwa), mikunjo imeanguka tena."

Alifunga bigudi, yale mabomba madogo ya kuviringishia nywele, Jumamosi jioni, akalala nazo kama mtu aliyelalia mawe, akazifungua alfajiri. Kabla padri hajamaliza mahubiri, kichwa kilikuwa kimerudi kilivyokuwa Ijumaa. Si yeye peke yake. Wamama wa korali, wasichana wanaojiandaa kwa ndoa za dada zao, wote wananiletea kilio hicho hicho, na wengi wameshanunua bigudi za pili wakidhani za kwanza ni mbovu.

Nawauliza wote swali moja: ulipofungua, nywele zilikuwa kavu? Jibu ni "karibu kavu". Basi nywele zilizo karibu kavu ni mbichi. Tunakaa Bukavu, na bado ukavu ndio unaotushinda.

Kinachofanyika ni hiki. Unywele ukilowa, vifungo vidogo vinavyoupa umbo vinaachia. Ukikauka, vinashikana upya katika umbo lile ulilokutwa nalo. Ukikauka juu ya bigudi, unashika mviringo wa bigudi. Ukitolewa ukiwa bado na maji ndani, unamalizia kukauka ukiwa unaning'inia, na umbo la kuning'inia ndilo unaloshika. Kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kulowesha kichwa

Kusanya vyote kwanza. Kutafuta pensi za kubania nywele sebuleni huku nusu ya kichwa inakauka ovyo ni njia ya hakika ya kuharibu kazi.

Bigudi 20 hadi 30. Nywele nyingi zinataka zaidi. Nenda nazo za ukubwa wa aina mbili: kubwa za juu, ndogo za kisogoni na pembeni ambako nywele ni fupi.

Aina ya bigudi ina maana yake. Za plastiki zenye matundu ndizo bora kwa mizampli ya kweli, yaani nywele zilizokunjwa kwa bigudi, kwa sababu hewa inapita na nywele zinakaa laini juu yake, ila kulala nazo ni adhabu. Za sponji zinalalika, lakini zinanyonya maji na kukausha kwake ni kwa taratibu. Zile ndefu za kupinda kama fimbo ya mpira zinafaa nywele ndefu na zinatoa mikunjo ya kushuka. Zile za miiba inayonata, kama nywele zako ni za kipilipili, ziache dukani. Zinashika mpaka unazitoa kwa mkasi.

Kitana cha mkia cha kugawia, na kitana cha meno mapana cha kufumulia.

Pensi au vibanio vya kushikilia mafungu, angalau 6.

Chupa ya kupulizia maji. Huna? Osha chupa ndogo ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano iliyochomwa moto, matundu matano yanatosha.

Krimu nyepesi ya kuacha kichwani, na musi (povu la kushikiza nywele) au losheni ya kusetia. Kabla ya kuzitumia pamoja, changanya tone la kila moja kwenye kiganja na usugue. Zikitoa vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika, zitafanya hivyo hivyo kichwani na watu watadhani una mba.

Karatasi za ncha. Ni vipande vyembamba vinavyopitisha maji, vinauzwa kwenye maduka ya vitu vya saloni. Usikate gazeti, wino wake unahamia kwenye nywele na shingoni. Usikate mfuko wa plastiki, unafungia maji ndani. Karatasi za msalani zinayeyuka.

File (wavu) ya kichwa na fulari ya satini, pamoja na tisheti kuukuu ya pamba badala ya taulo, maana taulo inavuta na kukwaruza.

Mafuta yaweke pembeni kwa sasa. Utahitaji matone machache mwishoni tu.

## Hatua ya 1: Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Anza na saa unayotaka kutoka nyumbani, urudi nyuma. Kama misa ni saa moja asubuhi Jumapili na huna seshwari, mashine ya kukaushia nywele, kichwa kioshwe Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Ukiosha jioni umeshindwa kabla hujaanza: mji uko juu, karibu mita 1,500, usiku ni baridi, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua inaacha hewa imejaa unyevu. Nywele za kufika mabegani, zilizofungwa vizuri, zinaweza kuchukua saa 12 na bado zisikauke hali hiyo.

Juni hadi Agosti ni rahisi zaidi. Lubumbashi, ambako kiangazi chao ni kirefu na kikavu, wanatushangaa tunavyolalamika.

Kama unategemea umeme, usihesabu ule wa jioni. Tumia ulio nao sasa.

## Hatua ya 2: Osha mpaka mafuta yatoke

Shampuu mara mbili. Ya kwanza inatoa vumbi na mafuta ya juu, haitoi povu la maana. Ya pili ndiyo inayosafisha.

Sababu: mafuta mazito, hasa vaselini, yanauzingira unywele na kuzuia maji kuingia. Maji yasipoingia, vifungo haviachii, na nywele haziwezi kushika umbo jipya. Wanaopaka mafuta kwanza "ili zisikatike" ndio hao hao wanaosema nywele zao zinakataa bigudi.

Maji ya mvua yanafaa sana kwa kusuuzia. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, na ndugu zetu wa Goma wanaoyatumia wanajua namna nywele zinavyobaki ngumu ngumu, kwa hiyo hata bidoni moja ya mvua kwa suuza ya mwisho inaonyesha tofauti.

Kisha krimu ya kulainisha, acha dakika 5, fumua kwa kitana cha meno mapana kuanzia ncha kupanda juu, suuza vizuri. Utajua umefaulu kitana kikipita kutoka shinani hadi nchani bila kugoma.

Onyo: kama umedefriza (umenyoosha nywele kwa dawa) siku hizi na ngozi ya kichwa bado inauma au ina vidonda, simama hapa. Subiri ipone. Nywele zilizopita dawa pia hukatika upesi zikivutwa zikiwa zimelowa.

## Hatua ya 3: Punguza maji

Finya nywele kwa tisheti, usisugue. Kipimo: kamata fungu, libane. Lisidondoshe tone, lakini kiganja kibaki na unyevu. Zikichuruzika, sehemu ya ndani ya bigudi haitakauka hata kesho. Zikikauka mno, hazitapinda.

Pitisha krimu nyepesi kiasi cha punje ya haragi moja kwa kila robo ya kichwa, kisha musi. Wamama wa zamani walitumia bia iliyopoa, na kweli inakaza nywele kidogo, ila sijui nani anataka kuketi kanisani akinukia baa.

### Kama nywele zako ni za asili, hazijaguswa na dawa

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuzinyoosha kidogo kwanza: zisuke mafungu 8 makubwa, zikauke nusu, ndipo ufungue na kuendelea na Hatua ya 4. Ukiruka hilo, ncha zitapinda vizuri lakini shina litavimba.

Ya pili, ambayo mimi naipenda kuliko yote, ni kusokota twisti za nyuzi mbili, yaani mafungu mawili ya nywele yanayozungushana, kichwa kizima na kufunga bigudi kwenye ncha tu. Inachukua muda, lakini inadumu kuliko mizampli yoyote, na hata ukiharakisha kidogo kukausha inakusamehe.

## Hatua ya 4: Gawa kichwa

Kwa mkia wa kitana, chora njia moja kutoka paji la uso hadi kisogoni, upana wake ni urefu wa bigudi moja. Huo ni mstari wa katikati. Pande zilizobaki zibane kwa pensi.

Anza na mstari wa katikati, mbele kwenda nyuma, ndipo pande. Ukianza pembeni utafika juu huna nafasi, na bigudi za juu ndizo zinazoonekana.

Kila fungu lisizidi bigudi kwa upana, na kwa unene lisizidi kipenyo chake. Hapa wengi wanajidanganya. Fungu nene linapunguza idadi ya bigudi, kazi inaisha mapema, mtu anafurahi. Lakini safu ya ndani haipati hewa. Ukiwa na shaka, ligawe mara mbili.

Kuhusu ukubwa, kuna hesabu moja ya kukumbuka. Nywele zikizunguka bigudi mara moja na nusu unapata wimbi. Zikizunguka mara mbili na nusu au zaidi unapata mkunjo kamili. Chini ya mzunguko mmoja na nusu unapata ncha iliyopinda basi. Nywele fupi kwenye bigudi kubwa ndicho chanzo cha pili cha machozi, baada ya unyevu.

## Hatua ya 5: Viringisha

1. Puliza maji kidogo kwenye fungu, hata kama unaona bado limelowa. Unapofika kisogoni, nusu saa imepita na nywele zimeanza kukauka zikiwa zimejikunja kwa namna yao.
2. Chana fungu mpaka linyooke kabisa, ulivute juu, liwe wima kutoka kwenye ngozi. Ukilivuta juu, shina linainuka na kichwa kinakuwa na ujazo. Ukilivuta chini, mkunjo utalala bapa.
3. Kunja karatasi ya ncha katikati kama kitabu, ingiza ncha ndani, iteleze kidogo ipite mwisho wa nywele.
4. Weka bigudi chini ya karatasi, zungusha kwa kukaza sawasawa mpaka ifike ngozini. Ikae juu ya shina la fungu lake, isining'inie.

Hiyo karatasi si mapambo. Ncha zikijikunja kinyume ndani ya bigudi, zinakauka hivyo hivyo, na ukifungua unakuta ndoano. Ndoano haitoki kwa kitana wala kwa mafuta. Dawa yake ni kulowesha upya.

Kukaza kuwe kwa kadiri. Ngozi isiinuke, macho yasivutike. Ukisikia maumivu, fungua ile moja urudie, wala usijipe moyo kwamba "itazoea". Nywele za pembeni mwa uso zikivutwa kila wiki zinatoka na mizizi, na nyingine hazirudi tena. Zile laini za ukingoni ziache nje kabisa, zilaze kwa jeli.

Utajua umefaulu ukitikisa kichwa na hakuna bigudi inayocheza, na kati ya mstari na mstari unaona ngozi safi.

## Hatua ya 6: Kausha

Hapa ndipo penye mambo. Vaa file ili bigudi zisihame, kisha chagua njia.

Kaski ya saloni, ile kofia ya umeme ya kukaushia nywele. Kama una shangazi mwenye saloni, mwombe saa moja na nusu. Joto la kati. Joto kali linakausha nje upesi na kukudanganya.

Seshwari ya mkono. Inafaa, ila ni kazi ya subira. Ishike mbali kiasi cha shubiri moja, izungushe kichwa kizima, usisimame sehemu moja. Pumzika kila dakika 10 ili hata yenyewe ipoe. Wapo wanaojifunika mfuko wa plastiki na kuingiza mdomo wa seshwari ndani. Plastiki inayeyuka. Usifanye.

Jua. Ya bure na ya zamani. Kaa barazani kati ya saa nne na saa tisa, geuza kichwa kama unavyogeuza mihogo juu ya mkeka. Kiangazi, tandaza kitambaa chepesi juu ya file, vumbi la barabara zetu linapenda nywele zenye losheni.

Usiku mzima. Kwa sponji tu, na kwa nywele zilizokwisha kaa jua mchana. Usivae fulari nzito wala kofia ya plastiki juu yake. Usiku ni wa kumalizia, si wa kuanzia.

Mbabula, jiko la makala (mkaa), hapana. Najua baridi ya usiku, najua umeme. Lakini nimeona mtu ameinama juu ya makala akikausha bigudi, mlango umefungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa kinaua mtu akiwa usingizini. Juu ya hilo, losheni nyingi zina spiriti inayoshika moto, na sponji inayeyuka kichwani. Afadhali uende na kitenge ulichofunga vizuri.

## Hatua ya 7: Jaribu ya kisogoni

Usijaribu ya mbele. Ya mbele hukauka kwanza na ndiyo inayowadanganya watu. Chagua moja ya chini kisogoni, pale nywele ni nene. Kabla ya kuigusa, zima joto na ungoje dakika 15, kwa sababu nywele zenye joto huhisika kavu hata zikiwa na maji.

Fungua ile moja nusu. Gusa sehemu iliyokuwa ndani kabisa, kisha uiguse kwa mdomo wa juu, mdomo unahisi unyevu kuliko vidole. Ubaridi wowote ni maji. Irudishe, ongeza nusu saa, jaribu nyingine.

Ikiwa kavu kweli, ile nywele itaruka na kurudi kama springi ukiiachia. Ikishuka polepole, bado.

Hapa binti wa jirani ndipo anaposhindwa kila mara. "Yaya, nimechelewa." Basi chelewa, mama. Ukifungua mbichi utachelewa na bado utavaa fulari.

## Hatua ya 8: Fungua bila kuharibu

Nywele ziwe zimepoa kabisa. Anza chini kisogoni, panda juu. Zungusha bigudi kinyume na ulivyoifunga, iondoke yenyewe. Kuivuta moja kwa moja ni kunyoosha ulichokesha ukikunja.

Ukimaliza utaonekana kama kondoo. Usiogope, na usikamate kitana.

Paka matone mawili ya mafuta mepesi viganjani, sugua mpaka yapotee, kisha tenganisha kila mkunjo kwa vidole, mara moja au mbili, sio zaidi. Kadiri unavyogawanya ndivyo ujazo unavyoongezeka na umbo linavyopungua, kwa hiyo amua mapema unachotaka. Mkia wa kitana uingie shinani tu, kufuta mistari ya mgawanyo.

## Kuzilinda zisife kabla ya siku yake

Adui ni unyevu, si muda. Mvuke wa maji ya kuoga, sufuria ya bugali inayochemka, ukungu wa asubuhi kutoka ziwani: vyote vinaanza kufungua vile vifungo upya. Oga kabla ya kufungua bigudi. Ukipanda moto (pikipiki), funga satini chini ya kofia ya motari, dereva wake, na mwavuli ukae mkobani hata jua likiwaka.

Usiku, zikusanye zote juu ya utosi kwa mpira mlaini usiokaza, vaa satini. Asubuhi zikiwa zimelegea, funga bigudi kubwa 6 juu, bila maji, dakika 20 wakati unavaa. Ukipuliza maji umerudi Hatua ya 3.

## Ikiwa imeharibika, soma kosa lako

Zote zimeanguka ndani ya saa moja: hazikukauka. Za mbele nzuri, za nyuma zimenyooka: ulijaribu ya mbele. Mkunjo uko nchani tu: bigudi ni kubwa mno kwa urefu wako. Shina limevimba na ncha ni nzuri: hukuchana fungu likanyooka, au hukunyoosha nywele za asili kwanza. Ngumu kama kamba: losheni imezidi, punguza nusu safari ijayo.

## Neno juu ya meshi

Meshi ni nywele za kuongezea. Ncha za rasta za plastiki zinakunjwa kwa bigudi pia, lakini kwa moto, sio kwa kukauka. Zifunge kwenye bigudi ndogo, uketi wima, mtu mwingine mzima achovye ncha kwa sekunde kadhaa kwenye chombo cha maji ya moto yaliyoteremshwa motoni, azikamulie kwenye taulo, ndipo uziache zipoe kabisa kabla ya kufungua. Zikiwa fupi za kugusa shingo, usithubutu. Mtoto asikaribie. Na meshi ya nywele za binadamu hufuata hatua zote za juu kama kichwa chako.

## Baada ya kazi

Osha bigudi kwa maji ya sabuni, toa nywele zilizokwama, uzianike. Za sponji zikifungiwa kwenye mfuko zikiwa na maji, hasa majira ya mvua, zinaota ukungu na harufu inahamia kichwani. Zihesabu kabla ya kuziweka. Zangu zilikuwa 30. Leo nimehesabu 26, na chini ya kitanda cha mwanangu kuna lori la bati lenye magurudumu 4 ya rangi ya waridi.